Punda Asiyefika Kiunoni

Asubuhi ile nilitoka bila kujua ninakwenda wapi. Mgongoni nilikuwa na mfuko mmoja, ndani yake suruali mbili, blanketi jembamba na maandazi sita ya moto ambayo huku Johannesburg wanayaita magwinya. Fundi cherehani niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja pale Rosettenville, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Aliniangalia nikifunga kamba za viatu.

"Mutanzania, unaenda wapi?"

"Sijui."

"Sijui iko upande gani? Teksi yake inapakilia wapi?"

"Usinicheke, fundi."

"Sikucheki. Miye ningejua njia ya Sijui, ningebeba mashini yangu twende wote." Akatema povu kwenye mfereji. "Lakini weye hauna bibi, hauna mutoto, hauna mashini. Mutu wa bure kabisa. Nenda. Ukifika unipigie."

Ilikuwa mapema mwaka 2017. Wiki ile nyumba mbili za mtaa wa nyuma zilikuwa zimechomwa. Waliochoma walisema wanafukuza wauza dawa za kulevya, na huenda wauzaji walikuwamo kweli, lakini baada ya nyumba ya pili watu walianza kupita mlango kwa mlango wakiuliza mtu katoka wapi. Sisi wa mbali tukaanza kulala na viatu. Mimi nilikuwa nimelala na viatu siku nne, na goti langu la kushoto lilikuwa limeshika tabia mpya ya kutetemeka lenyewe, hata nikiwa nimekaa. Nililishika kwa mkono, likaendelea chini ya mkono. Ndipo nikaamua kwamba goti linajua zaidi yangu na kwamba niondoke.

Kuondoka si kazi ngumu kwangu. Shule niliiacha darasa la sita, kule kwetu mkoani Dodoma, kwa sababu lori lilipita na nilitaka kujua linakokwenda. Lilikuwa linakwenda Tunduma. Tangu hapo nimeishi kwa kutaka kujua kilicho mbele ya kilicho mbele, na ndivyo nilivyofika Johannesburg, nchi baada ya nchi, bila siku hata moja kusema kwamba ninahamia.

Katikati ya jiji nilitafuta foleni fupi kuliko zote kwenye stendi ya teksi. Ilikuwa ya Diepsloot. Sikukaa mbele, kwa kuwa wa mbele hukusanya nauli za wenzake na lazima aongee, na mimi sikutaka mtu asikie lafudhi yangu. Nilitazama dirishani njia nzima nikijifanya nimelala.

Diepsloot nilikuwa nimepanga, kama huo unaitwa mpango, kumwomba kazi mwenye spaza yeyote, kwa sababu maduka mengi madogo ya pale ni ya wageni kama mimi. Niliyakuta yamefungwa. Mlango wa bati, kufuli, mlango wa bati, kufuli, mtaa mzima. Mama aliyekuwa anauza nyanya juu ya sanduku aliniangalia viatu, akaniangalia mfuko, akasema kwa Kiingereza cha taratibu, kama anayesema na mgonjwa, "Mwanangu, leo hapa usisimame. Endelea kutembea."

Nikaendelea. Nyumba za bati zikaisha, lami ikaisha, nikaingia kwenye barabara ya udongo mwekundu iliyopita katikati ya mashamba madogo ambayo wenyewe wanayaita ploti. Kila ploti ina uzio, kila uzio una kibao chenye picha ya mbwa. Hakukuwa na mtu. Saa sita jua lilikuwa utosini, na upande wa kusini mawingu yalikuwa yanajijenga juu kama moshi wa tanuri. Majira ya joto huku mvua huja alasiri na radi zake hupiga chini kweli, hazitishii tu. Nilikuwa nahesabu miti mirefu, si kwa ajili ya kivuli, ila ili nikae mbali nayo.

Hapo ndipo nilipoona masikio.

Yalikuwa yamesimama juu ya nyasi karibu na kalavati, mawili, marefu, yenye ncha nyeusi. Masikio hayo nayajua. Nimekua nayo. Kwetu punda ndiye bomba la maji: asubuhi unamfunga madumu manne, unamfuata nyuma hadi kisimani. Nikasogea nikitegemea kuona punda aliyejilaza. Alikuwa amesimama. Amesimama wima kwa miguu yote minne, na mgongo wake haukufika kiunoni kwangu.

Nikasema moyoni: kitoto. Kitoto cha punda, na mama yake ameuawa.

Sikuwaza hivyo bure. Miaka ile habari za punda zilikuwa mbaya kote. Waliibwa, wakachunwa, ngozi zikasafirishwa kwenda Uchina kuchemshwa kuwa dawa. Kwetu niliambiwa kwa simu, huku niliambiwa na watu wa mjini, na kila aliyenisimulia alimalizia na nyama iliyoachwa porini. Kwa hiyo nilitazama nyasi nyuma ya yule punda nikitegemea kuona nzi. Hakukuwa na nzi. Alikuwapo yeye peke yake, kijivu, na mstari mweusi uliotoka shingoni hadi mkiani, ukakatwa na mwingine begani, ule msalaba ambao Wakristo wanasema punda alipewa kwa kumbeba Yesu. Kwenye paja alikuwa na mkwaruzo mbichi wa waya. Hakukimbia. Farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa hugeuka jiwe. Alikuwa jiwe linalopumua haraka.

Nikafanya alichonifundisha mjomba wangu kabla sijajua kusoma: nikamshika taya taratibu, nikamfunua mdomo, nikamtazama meno.

Nilimwachia upesi kama niliyeungua. Yale hayakuwa meno ya kitoto. Yalikuwa marefu, ya njano, yameinama mbele na kulika juu, meno ya punda aliyekula nyasi miaka ishirini au zaidi. Mzee. Mzee mwenye kimo cha mbuzi. Nywele za mikono zilinisimama. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, lakini peke yako porini, ngurumo ya kwanza ikilia kwa mbali, ukikutana na kitoto chenye meno ya babu, unaanza kukumbuka kila hadithi uliyowahi kuikataa.

Nilirudi nyuma hatua tatu. Akaja hatua tatu. Nikatoa andazi moja kwa sababu sikujua la kufanya. Akalinusa, akalichukua kwa midomo kama mtu anayepokea kitu kwa vidole viwili, akalila lote, halafu akaja akaegemea. Hivyo tu. Aliuweka ubavu wake wote kwenye mguu wangu wa kushoto na kuuachia uzito. Alikuwa na joto na alinuka vumbi na maziwa. Nikasimama nimeegemewa na uchawi huo, nikagundua kwamba goti langu limetulia.

Nilipaswa kuondoka wakati ule. Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini nilitaka kujua ni wa nani na ni kitu gani, na nilimwonea huruma na ule mkwaruzo. Nikavua mkanda wangu, nikamvisha shingoni, tukaanza kufuata nyayo zake ndogo kurudi alikotoka. Nikampa andazi la pili njiani ili asichoke.

Pikapu nyeupe ilikuja nyuma yetu kwa kasi, ikapinda mbele yetu na kusimama imeziba njia.

Walishuka wanaume wanne. Kwetu ningewaita sungusungu: watu wa mtaa wenye filimbi na hasira. Wa kwanza, dereva, alikuwa mnene, mkononi ana kiboko kirefu cheusi. Wawili walishika marungu. Wa nne alivaa sare ya kampuni ya ulinzi na alisimama nyuma ya wenzake, mikono mfukoni.

Mwenye kiboko alinitazama, akatazama mkanda shingoni mwa punda, akatazama suruali yangu inayoshuka. Akauliza swali moja kwa Kizulu, lile lile lililokuwa likiulizwa milangoni Rosettenville. "Uvelaphi?" Umetoka wapi?

Nilijua kila jibu ni baya. Goti likaanza.

"Nimemkuta," nilisema kwa Kiingereza changu cha vipande. "Nimemkuta hapa. Namrudisha."

"Unamrudisha na mkanda wako?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wiki iliyopita jirani alipoteza wawili. Tuliwakuta mtoni hawana ngozi. Na hao nao walikuwa wanarudishwa?"

Mmoja wa wenye marungu akacheka bila kufurahi. "Usiku wamekata waya. Mchana wamekuja kumchukua aliyebaki nje. Eish, hawana hata haraka."

Kiboko kilinipata begani kabla sijaona mkono ukiinuka. Sikusikia maumivu mara moja, nilisikia mlio. Miguu yangu ikachagua yenyewe upande wenye nyasi ndefu. Nilikuwa nimeshainua kisigino.

Yule wa sare akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, ameinamisha kichwa, na katikati ya kikohozi yakatoka maneno ya chini ambayo sikuyategemea mahali pale.

"Usikimbie. Ukikimbia batakuua."

Kilikuwa Kiswahili cha Kongo. Nilimtazama. Yeye hakunitazama, alikuwa anafuta mdomo. Nikarudisha kisigino chini. Punda hakuwa amesogea hata unyoya. Alikuwa jiwe tena, kaegemea mguu wangu, na nikaamua kuwa kama yeye.

Walimpigia simu mwenye punda. Akaja na gari kuukuu la bluu, mwanamke mzungu wa umri wa bibi yangu, kavaa buti za mpira na gauni la nyumbani. Hakunisalimu. Alipiga magoti kwenye udongo, akampapasa punda miguu yote, akaona mkwaruzo, akauma midomo. Aliposimama mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba aliificha kwapani.

"Nani amekata waya wangu?" aliuliza.

"Huyu, Mama," alisema mwenye kiboko. "Tumemkuta amemfunga."

"Waiteni polisi."

"Polisi tuliwaita wiki iliyopita. Mama aliwaona?" Alikuwa anakunja na kukunjua kiboko, na wale wa marungu wakajisogeza, mmoja kuliani kwangu, mmoja kushotoni. Nilielewa kwamba tukimaliza kuongea kitafanyika kitu, na bibi huyu ataingia garini mwake ili asikione.

Ndipo nilipokumbuka kisima. Kwetu watu wawili wakigombania punda, hawaapizani na hawapigani. Wanamwachia. Kila mtu anakaa kimya pale pale alipo, punda anafunguliwa, wazee wanamfuata hadi anapoingia. Boma atakaloingia ndilo lake, na njia atakayopita ndiyo aliyopitia. Mjomba alikuwa akisema hakuna shahidi asiyehongeka isipokuwa punda.

"Mwachieni!" nilipaza sauti. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Afunguliwe. Aende mwenyewe. Twende nyuma. Mtaona alipotokea."

"Anataka tumwachie punda akimbie," alisema wa rungu.

"Kwao ni mila," ilisema sauti nyuma yao. Ni yule wa sare. "Punda akigombaniwa anaachiwa. Anaonyesha njia."

Mwenye kiboko akageuka polepole. "Wewe umejuaje ya kwao?"

Nilijua alichokuwa amekifanya. Wakongo wengi kama yeye walipata kazi kwa kujiita Wavenda, kwa kuwa Wavenda wako mbali kaskazini na si kila mtu anakijua Kivenda.

"Kwetu Venda pia tunafanya hivyo," alisema.

Ngurumo ikapita, ya karibu sasa. Bibi akatazama mawingu. "Mwachieni," alisema. "Upesi. Punda hawawezi mvua, manyoya yao hayamwagi maji kama ya farasi. Akilowa ataugua."

Mimi niliyatazama mawingu kwa sababu nyingine. Ikiwa wezi walikata waya usiku, nyayo zao zilikuwa udongoni. Mvua ikifika kabla yetu, shahidi wangu atasema mbele ya ukurasa uliofutwa.

Nikamvua punda mkanda. Wote tukasimama. Punda akatikisa sikio moja. Akageuka, akanitazama, akaja moja kwa moja na kutumbukiza pua yake kwenye mfuko wangu.

"Aa! Anamjua!" alipiga kelele wa rungu. "Ni rafiki yake! Shahidi amesema!"

Ni maandazi. Mimi mwenyewe, kwa huruma yangu, nilikuwa nimemhonga shahidi. Nikavua mfuko haraka, nikautupa kwa mtu aliyekuwa mbali kuliko wote, yule wa sare, naye akaudaka. Punda akaondoka kwangu, akatembea kwa heshima zote katikati ya wanaume, akafika kwa yule wa sare na kuanza kumvuta mfuko mkononi.

Hapo wakacheka. Hata mwenye kiboko. "Mvenda! Kumbe mwizi ni wewe!"

"Baba, mutoe huyu munyama!" alisema yule wa sare, kwa woga, na kwa Kiswahili. Wenzake walikuwa wanacheka sana wasisikie. Akauinua mfuko juu ya kichwa kwa mikono miwili. Punda akautazama kule juu, akashusha pumzi, akageuka jiwe.

Kicheko kikaisha. Tone la kwanza la mvua lilinipiga kwenye jicho. La pili likachimba shimo dogo kwenye vumbi mbele ya kiatu changu. Mwenye kiboko akasema basi, mchezo umetosha.

Kisha punda mwingine akalia, mbali nyuma ya miti.

Anayejua mlio wa punda hawezi kuuita mzuri. Huanza kama pampu iliyokauka na kuishia kama mlango wenye kutu. Kwangu siku ile ulikuwa sauti iliyoshuka kutoka mbinguni. Masikio yenye ncha nyeusi yakainuka yote mawili. Yule mdogo akajibu, mwili mzima ukitikisika, akaanza kukimbia kwa miguu yake mifupi, na sisi wote nyuma yake: wanaume wanne, bibi na buti zake, na mimi nimeshika suruali kwa mkono mmoja.

Hakwenda getini. Alilipita geti kama halipo, akafuata uzio hadi mahali ambapo waya ulikuwa umekatwa na kukunjwa, akainamisha kichwa na kuingia kwa tundu alilotokea. Ndani, mwenzake, mweusi, wa kimo kile kile, alikuwa anazunguka na kulia.

Mimi sikumtazama punda. Nilitazama chini. "Hapa!" nilisema. "Msikanyage! Hapa!"

Zilikuwapo. Nyayo za kwato ndogo zilitoka tunduni peke yazo, zimechimba kwa mbio, hakuna mguu wa mtu kando yazo. Upande wa pili zilikuwa za buti, jozi mbili, zenye meno, zikienda na kurudi hadi kwenye alama za magurudumu mapana. Matone yalikuwa yanaziramba moja moja.

"Weka mguu," alisema mwenye kiboko.

Niliweka kiatu changu, raba iliyokwisha soli hadi ikawa laini kama sabuni, kando ya alama ya buti iliyo wazi zaidi. Buti lilinizidi kwa vidole vinne. Alinishika kifundo cha mguu kama mtu anayemkagua farasi, akauinua mguu, akatazama soli, akaniachia.

"Anaweza kuwa mwenzao."

"Wezi walikuja na gari," alisema bibi. "Huyu ana miguu tu." Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. "Nendeni nyumbani. Mtapigwa na radi."

Radi ikapiga kweli, upande wa Diepsloot, na pale pale wakakimbilia pikapu. Yule wa sare alipita karibu yangu, akanisukumizia mfuko kifuani.

"Yamebaki matatu. Moja nimekula miye. Woga unaleta njaa." Akainama kana kwamba anaokota kitu. "Na weye haunijui. Umesikia, ndugu? Haunijui hata kidogo."

"Sikujui," nilisema. "Asante."

Sikumwona tena.

Mvua ilinikuta nimesimama nje ya banda la punda. Bibi alikuwa ndani, anawasugua kwa magunia. Alinitupia gunia bila kuniita, nami nikaingia na kumshika yule mzee wangu wa kijivu. Tulisugua muda mrefu. Bati juu yetu lilikuwa linapigwa kama ngoma na kila radi iliyopiga ilimfanya bibi afumbe macho. Nilikuwa nimemdhania ana hasira. Sasa niliona kwamba alikuwa anaogopa kama mimi, tangu alipoamka akakuta tundu.

Nikaanza kumuuliza maswali. Mwanzoni niliuliza ili asikumbuke kunifukuza wakati wa mvua. Baadaye niliuliza kwa sababu nilitaka kujua.

Niliuliza kama ni ugonjwa uliowafanya wafupi. Akasema hapana, ni ukoo, wamezaliwa hivyo vizazi na vizazi. Asili yao ni visiwa vya Bahari ya Mediterania, Sisilia na Sardinia. Baba yake alitoka Sisilia. Aliletwa nchi hii akiwa mateka wa Vita vya Pili vya Dunia, vita vilipoisha akabaki, akaoa, akafa akiwazungumzia punda wa kijijini kwao. Nyumba za kule zilikuwa na milango mifupi, na jiwe la kusagia nafaka lilikuwa ndani, jikoni. Punda mkubwa asingeingia. Huyu aliingia, akafungwa kitambaa machoni asipate kizunguzungu, akalizungusha jiwe siku nzima, wapishi wakimpisha. Mashine zilipokuja hakuhitajika tena, na angekwisha kama Wamarekani wasingewachukua baadhi na kuwazalisha, si kwa kazi, kwa kuwapenda tu. Kutoka huko wakasambaa, hadi wawili wakafika kwenye ploti hii.

"Na hapa wanafanya kazi gani?" niliuliza.

"Hakuna."

Nikafikiri hajanielewa. Kwetu punda asiye na kazi ni sentensi isiyokamilika. Akanionyesha kwa kidevu. Yule wa kijivu alikuwa tayari ameniegemea mguu wa kushoto, macho nusu, sikio moja limelala.

"Hiyo," alisema. "Anakuja karibu na kukaa. Mume wangu alipofariki walikuja dirishani kila asubuhi. Sijui walitaka nini. Labda mkate." Akageuza gunia upande mkavu. "Ndiyo maana wanaibwa kirahisi. Hawamkimbii mtu."

Aliniambia pia kwamba lazima wawe wawili. Mmoja akifa, mwenzake huachwa asimame na maiti, ainuse hadi achoke, la sivyo ataita siku nyingi na kukataa chakula, na punda wa kimo hiki akikataa chakula haponi. Nikaelewa kilichomtetemesha mikono. Wezi wangemchukua mmoja tu, wangekuwa wamewaua wote wawili.

Mvua ilipopungua akauliza, "Unakwenda wapi?"

"Sijui."

Alinitazama kwa muda. Hakunitazama kwa huruma. Alikuwa anapima.

"Wezi wataacha siku mbili tatu, halafu watarudi," alisema. "Kwa jirani walirudi. Mimi nikilala sisikii. Nyuma ya ukuta huu kuna stoo yenye kitanda. Aliyekuwa akinisaidia alirudi kwao Limpopo. Ukisikia kitu, piga kelele. Usitoke, piga kelele tu. Nyasi zao saa kumi na mbili asubuhi, na waya tutaufunga kesho."

Nililijua alilokuwa ananipa. Alikuwa ananipa paa, na alikuwa ananiweka kati ya wanyama wake na watu wenye buti. Nilikuwa nimekimbia mlango mmoja unaongoja kugongwa na kuja kulala nyuma ya mwingine. Kule barabarani giza lilikuwa linakuja na mwenye kiboko alikuwa na mafuta ya kutosha kwenye pikapu yake. Nikasema ndiyo.

Stoo ilikuwa na harufu ya dizeli na nyasi kavu. Kitanda cha chuma, ndoo, koleo, dirisha dogo lisilo na kioo linalotazama ndani ya banda. Nilikisogeza kitanda hadi chini ya dirisha lile. Kutoka pale niliona masikio manne. Nikajiambia wao watasikia kabla yangu, na wakigeuka jiwe nitajua.

Nikampigia fundi.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Wapi?"

Nikatambua kwamba jina la mahali sikuwa nimeuliza. "Kwa punda," nilisema. "Wafupi. Hawafiki kiunoni."

"Aa, Mutanzania. Umevuta nini?" Nyuma yake nilisikia cherehani imesimama, na mtu akigonga mlango wa jirani. Akashusha sauti. "Lakini iko mahali pa kulala?"

"Ipo."

"Basi lala."

Viatu vyangu vilikuwa vimejaa matope na maji, nisingeweza kulala navyo. Nikavivua, mara ya kwanza baada ya siku nne, nikavipanga chini ya kitanda, kamba zimelegezwa, pua zikitazama mlango.